Fomu ya Mama Nafula

Ngozi ya mbuzi iliyolowekwa ina harufu inayoganda puani, na mwaka ule nyumba yetu ya Lanet ilinuka hivyo tangu Januari. Baba alikuwa mwakilishi wadi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kibanda nyuma ya jikoni. Humo alikuwa akibuni litungu jipya, kinubi chetu cha nyuzi saba, ila lake lilikuwa dogo, lenye vigingi vya kukaza nyuzi kama vya gita, ili watoto wa shule waliweze. Kila asubuhi watu walijaa langoni wakitaka barua na mihuri, nami, binti wa miaka kumi, niliwachukia bila kificho. Baba wa kibandani alikuwa wangu, wa langoni alikuwa wa kila mtu.

Siku tuliyowamba ngozi ya lile la kwanza, alinituma dukani nikalete misumari zaidi. Ngozi mbichi haingoji mtu. Ukiiacha nusu hujikunja, na kazi ya wiki nzima huharibika. Langoni nikamkuta Mama Nafula, jirani yetu, ameshika fomu ya basari, ule msaada wa karo, ya bintiye wa kidato cha kwanza. Ilibaki saini ya baba yangu tu, kama mwakilishi wadi, na siku ya mwisho ilikuwa hiyo.

“Babako ako?”

“Ameenda county.”

“Na nani anagonga huko nyuma?”

“Ni fundi.”

Alinijua tangu nikibebwa mgongoni, akaniamini. Akaondoka mbio kwenda mjini, kwenye ofisi za kaunti, kumtafuta mtu aliyekuwa hatua thelathini kutoka pale. Nafula, aliyekuwa akinisuka nywele kila Jumapili, hakwenda shule mwaka ule wala uliofuata. Alienda kufulia watu nguo. Nami nilinyamaza, kwa aibu kwanza, kisha kwa mazoea.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini yangu imefika hadi leo. Matungu ya baba yanapigwa shuleni, na wageni hunisifu kwamba nilimsaidia tangu utotoni. Baba aliacha siasa zamani. Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani, Mama Nafula alimpita bila salamu, kama kawaida yake.

“Huyu mama nilimkosea nini?” baba akaniuliza.

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikamwambia ni siasa, watu huweka kinyongo. Akatikisa kichwa polepole, naye pia akaniamini.