Basi la Vitabu Lililonyamaza

Aulis Tolonen alikuwa ameendesha basi la vitabu la halmashauri kwa miaka ishirini na mitatu, na kwa miaka sita ya mwisho basi hilo lilikuwa likigonga. Tak-tak-tak, tak-tak-tak, kama mtu anayepigilia misumari midogo kwenye sufuria. Asubuhi likiwa la baridi liligonga zaidi, likishapata moto likapunguza, lakini kunyamaza halikunyamaza hata siku moja. Aulis alikuwa ameuzoea mlio ule kama mtu anavyozoea mkoromo wa mwenzake.

Mwishoni mwa Novemba ikaja barua. Alhamisi ya wiki inayofuata, mkaguzi wa halmashauri angepanda basi siku nzima. Angeangalia mambo mawili tu: hali ya gari, na idadi ya watu wanaoingia katika kila kituo. Gari likionekana limechoka, au watu wakionekana wamelisahau, huduma ingesitishwa kabla ya Krismasi. Basi jingine halingenunuliwa.

Aliisoma barua mara tatu kwenye meza ya jikoni. Mkewe, Maire, alikuwa akikanda unga wa mikate ya iliki.

"Wanasemaje?"

"Wanakuja kusikiliza injini."

"Basi kwisha habari yako, mzee wangu," Maire alisema bila kugeuka. "Hiyo ikipita hata waliolala makaburini wanageuka upande."

Siku nyingine Aulis angecheka. Siku hiyo alimfikiria Elma Kyllönen wa Hukkavaara, mwenye miaka themanini na minane, aliyemaliza riwaya nne za upelelezi kila wiki mbili na ambaye hakutaka televisheni ndani kwa sababu, alisema, televisheni inakimbilia mwisho. Maktaba ya mjini ilikuwa kilomita sabini kutoka kwa Elma, na Elma hakuwa na gari wala macho ya kuendeshea. Wa namna yake walikuwa wengi kandokando ya njia ile. Basi likiondoka, hakuna ambaye angeandamana wala kupiga kelele. Wangekaa tu, kila mtu nyumbani kwake, wakisoma upya vile vitabu vilivyobaki kabatini.

Jumamosi akaenda dukani kwa Jouko, anakouza nyavu, misumari, malisho ya farasi na kila kitu cha gari. Rafu ya oili ilikuwa ndefu kuliko rafu ya mikate. Aulis alisimama mbele yake akiwa ameshika kofia mkononi, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa.

"Unatafuta nini, Aulis? Ukisimama hivyo hata oili inaona haya."

"Nataka inyamaze."

Jouko hakuuliza nini. Alitoa galoni moja ya rangi ya fedha. "Kitabu cha gari kinataka hii, tano kwa thelathini. Nyepesi. Namba ya kwanza ni ya baridi: ikiwa ndogo, oili inatiririka hata kwenye barafu. Namba ya pili ni ya joto. Sasa ongeza na hiki," akaweka kikopo chembamba juu ya meza, "dawa ya kusafisha. Mlio wako ni tapeti, vile vyuma vidogo vinavyosukuma vali, zimejaa uchafu. Hii inauyeyusha polepole. Tembea kilomita elfu moja, badilisha oili tena, na tuone."

"Elfu moja? Nina siku tano."

"Basi huna dawa, una maombi."

Macho ya Aulis yalikuwa yameshafika rafu ya chini, kwenye galoni nyeusi zenye vumbi. Ishirini kwa hamsini. Oili nzito, ya matrekta ya zamani, ambayo watu huitumia Julai wakati wa kukata majani. Kando yake kulikuwa na chupa ya kimiminika cha injini kilichoganda kama asali: dawa ya kuongeza uzito. Karatasi yake ilisema kwa maneno manne tu, "Huzima kelele za uzee."

"Hiyo acha," Jouko alisema. "Hiyo inaziba masikio, haitibu. Vyuma vimelegea, unavitia uji katikati visigongane. Na hii ni Desemba, Aulis. Ikipoa itakuwa lami. Pampu itafyonza nini?"

"Basi linalala kwenye banda la zimamoto. Kuna joto."

"Na mchana linalala wapi?"

"Mchana linatembea."

Wamesoma darasa moja wale, na kwa miaka hamsini hawajawahi kushikana mkono ila kwenye mazishi. Mwishoni Jouko akampigia hesabu galoni mbili nyeusi na ile chupa ya asali, akavitia kwenye boksi, na juu yake akaweka kile kikopo chembamba bila kukihesabu.

"Hicho cha nini?"

"Cha siku utakayopata akili."

Jumapili Aulis alilala chali chini ya basi. Oili ya zamani ilitoka nyeusi na nyepesi kama kahawa. Akabadilisha filta. Kisha akamimina ile nzito, na hapa palikuwa na jambo la kushangaza: haikuanguka, ilijikunja. Ilishuka kwenye mdomo wa injini kwa mikunjo, kama shuka linalokunjwa taratibu. Dawa ilikuwa mbaya zaidi. Alikaa akiisubiri dakika kumi nzima, chupa ikiwa imepinduliwa, mkono ukimfa ganzi. Kikopo cha Jouko akakitupa nyuma ya kiti.

Akawasha.

Tak. Tak-tak. Tak... halafu hakuna kitu. Kulikuwa na mngurumo wa chini tu, laini, kama friji chumba cha pili. Aulis akaweka kikombe chake cha kahawa juu ya kifuniko cha injini. Kahawa haikutikisika. Alikaa pale kwenye kiti cha dereva, mzee wa miaka sitini na mmoja mwenye mikono michafu, akipangusa macho kwa kiwiko.

Alhamisi baridi ilikuwa digrii ishirini na saba chini ya sifuri, na redio ilisema ingeongezeka. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa kama miaka thelathini na tano, Henriikka Vaarala, mwenye viatu vizuri mno kwa theluji na kompyuta bapa kifuani. Alipanda, akakaa kiti cha mbele, akasikiliza.

"Niliambiwa linapiga kelele," alisema.

"Watu husema mengi," Aulis akajibu, na masikio yakamwaka kwa uongo wake.

Kituo cha kwanza, njia panda ya Lehto, palikuwa na nyumba sita. Walisimama dakika ishirini. Hakuja mtu. Kituo cha pili, kwenye banda la maziwa, hakuja mtu. Moshi ulikuwa ukipanda wima kutoka kila bomba la nyumba, taa zilikuwa zikiwaka madirishani, na juu ya uwanja kulikuwa na nyayo za sungura tu. Henriikka aliandika sifuri, halafu akaandika sifuri nyingine.

"Kwa kawaida huja wangapi hapa?"

"Saba. Wanane." Sauti yake yenyewe ilisikika kama ya mtu anayedanganya, na safari hii alikuwa anasema kweli.

"Labda ni baridi."

"Wamezaliwa ndani ya baridi hawa."

Hukkavaara walifika saa sita mchana. Hiki ndicho kilikuwa kituo kikubwa, uwanja wa shule iliyofungwa, nyumba kumi na mbili zikiwa zimeuzunguka. Basi husimama hapo saa moja na robo. Aulis alizima injini kama sheria inavyotaka, akachomeka waya kwenye nguzo ya umeme ya kupashia injini joto, akazungusha saa ya nguzo. Hakujua kwamba umeme wa nguzo ile ulikuwa umekatwa tangu mwezi wa kumi. Upepo ulikuwa ukitoka ziwani moja kwa moja, ukipita chini ya basi.

Akapanga vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Riwaya nne za Elma alikuwa amezitenga kwenye kona, zimefungwa kwa uzi. Saa sita na nusu, hakuna mtu. Saa saba kasorobo, hakuna. Ndani ya basi, hita ndogo ilipuliza, na Henriikka akamimina chai kutoka kwenye chupa yake.

"Aulis," alisema, na hakusema kwa ubaya, "unaelewa nitakachoandika? Injini naweza kuitetea. Lakini siwezi kuwatetea wasomaji ambao hawapo."

"Wapo. Ona moshi."

"Moshi hauazimi vitabu. Kwa nini usipige honi?"

Aulis akatazama honi. Aliweka kiganja juu yake. Huku kwetu mtu hapigii nyumba ya mtu honi. Hata kumgongea jirani mlango bila kumpa taarifa ni jambo la kufikiria mara mbili. Kuwapigia honi watu wazima watoke kama ng'ombe wa kukamuliwa ni jambo ambalo lingezungumzwa hadi mazishi yako. Kiganja kilikaa pale, kikarudi gotini.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Hakuna tofauti."

Saa saba na robo akachomoa waya. Ulikuwa baridi kama mnyororo wa kisima, na hapo akajua umeme haukupita. Akapanda, akageuza ufunguo. Stata ilizunguka kwa taabu, nng, nng, nnng, kana kwamba ndani kuna mtu anakoroga ugali mgumu. Injini ikashika. Taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi, ikabaki inawaka.

Na basi likagonga.

Haukuwa ule mlio wa zamani. Ulikuwa ule wa zamani mara kumi: TAK-TAK-TAK-TAK, chuma juu ya chuma kikavu, hadi vitabu vikaanza kutembea rafuni. Lami ya Jouko. Chini kabisa oili ilikuwa imekaa kama mkate, na juu tapeti zilikuwa zinakufa kwa kiu. Henriikka aliziba masikio.

"Zima! Zima, utaiua!"

Aulis alikuwa ameshashika ufunguo. Na hapo, kupitia kioo, akaona mlango wa Elma Kyllönen ukifunguka.

Elma alitoka amevaa koti, kofia na viatu tayari, akashusha sleji yake, kiti chenye vyuma vya kuteleza thelujini kinachosukumwa kwa mguu mmoja, mfuko wa vitabu ukiwa kitini. Halafu mlango wa pili ukafunguka, wa ndugu wawili wa Karppinen. Wa tatu. Kule juu mlimani, nyumba ya mwisho, mtu alikuwa anapunga mkono na kuvaa glavu kwa wakati mmoja.

Aulis akaelewa yote kwa mpigo, na kuelewa kule kukamuuma kuliko baridi. Nani atasimama nje kwenye digrii thelathini akisubiri? Hawakuwahi kutazama saa. Walikaa ndani karibu na jiko, wameshavaa, madirisha yamezibwa na barafu, wakisikiliza ule mlio ambao yeye ameuzika Jumapili kwa mikono yake.

Zilikuwa nyumba kumi na mbili, na ni minne tu kati ya milango ile iliyokuwa imefunguka. Akizima sasa, injini ingeweza kupona, na wengine wangedhani amepita. Taa nyekundu ilimtazama. Akaondoa mkono kwenye ufunguo, akauweka gotini, akakaa.

"Unafanya nini?" Henriikka alipiga kelele.

"Nawaita."

Dakika moja. Mbili. Mlango wa sita, wa saba. Kelele ikabadilika, ikawa nzito, mpigo wa beringi sasa, ndani kabisa, na Aulis akawa anatikisa kichwa kwa kila pigo kama mtu anayechapwa. Katika dakika ya nne kitu kilivunjika kwa sauti moja fupi. Basi likaruka kidogo na kunyamaza. Moshi wa bluu ukapita dirishani.

Elma ndiye aliyepanda wa kwanza, nyusi zimeganda barafu.

"Tulidhani umekufa, Aulis! Tangu saa sita nimevaa viatu, miguu inachemka, natega sikio, hakuna kitu. Nikasema, huyu ama amekufa ama amestaafu, na kwa yote mawili angetuaga."

"Nilikuwa hapa, Elma. Nilikuwa kimya."

"Umeanza lini huo ujinga?"

Nyuma yake waliingia wengine, wakikung'uta theluji, wakisema "siku njema" kwa sauti ndogo, wakiangalia viatu. Walifika kumi na wanne. Hita ilipozimika hakuna aliyeondoka. Walichagua vitabu na glavu mikononi, pumzi zao zikipanda juu ya rafu. Mmoja wa ndugu wa Karppinen alikwenda mbele kutazama injini, akarudi, akamgusa Aulis begani mara moja kwa kidole.

Henriikka aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasimama kando ya kiti cha dereva.

"Hii haitengenezeki," alisema.

"Najua."

"Nitaandika kwamba gari limekwisha, maana limekwisha. Na nitaandika kumi na wanne, na namna walivyokuja. Watakaloamua wao huko mezani, sikuahidi. Mimi mwenyewe nisingeweka tumaini kubwa."

"Andika ulichoona," Aulis alisema. Chini ya kiti kisigino chake kiligusa kitu kikaviringika: kikopo cha Jouko, hakijafunguliwa.

Elma alikuwa amesimama mezani na riwaya zake nne zilizofungwa uzi. Wengine walikuwa nyuma yake kwenye foleni, na ilionekana wote wanasubiri jibu la swali moja.

"Nirudishe lini?"

Aulis akashika mhuri. Wino ulikuwa umeganda. Ikabidi aupulizie pumzi, mara mbili, tatu. Akazungusha namba mpaka wiki nne mbele, mwaka mpya ukiwa umeshaingia, siku ambayo hakukuwa na basi lolote la kufika Hukkavaara. Akagonga mhuri kwenye kitabu cha kwanza, kisha cha pili, cha tatu, cha nne.

"Tarehe hiyo," alisema. "Saa sita."

"Nitasikiliza," Elma akasema, akavitia vitabu mfukoni.