Maji ya Mrututu

Baba alimla yule samaki mbichi, na magamba yake, amesimama kwenye tuta la bwawa mbele ya kijiji kizima. Katibu wa kijiji ndiye aliyemwokotea. Samaki wote walikuwa wanaelea, matumbo juu, na wageni wa wilayani walitegemewa saa nne.

"Kama hukutia utupa, kula," katibu alisema.

Baba akala. Tukangoja. Hakuanguka.

"Mnaona? Mzima kabisa." Katibu akawageukia watu. "Basi ni utupa huo. Utupa unaua samaki, hauui mtu."

Hilo la utupa ni kweli. Watu wa kwetu walikuwa wakiyatwanga majani yake, wanayamwaga mtoni, wanaokota samaki na kupika. Kwa hiyo baba angekataa kula, ana hatia. Alikula, hatia ikabaki palepale.

Bwawa lilichimbwa mwaka wa pili baada ya sisi kuhamishiwa kijijini. Bonde lile lilikuwa la baba, alikuwa analima maharage ya kiangazi. Lilichukuliwa bila mwenyewe kuulizwa, halafu yeye huyohuyo akapewa kulilinda bwawa. Watu walisema lazima ana kinyongo. Labda alikuwa nacho. Lakini bwana samaki wa wilaya alipoleta perege wadogo kwenye pipa, baba ndiye aliyewamwagia pumba kila asubuhi, anawaita wanangu, mpaka mama akawa anamtania: "Hao wanao wakikua, wewe ugali utakula na nini?" Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, sikatai. Tuvue wakubwa tu, wadogo waachwe wazae, kila nyumba ipate kitoweo na mbegu isiishe.

Siku moja kabla ya wageni tulipiga dawa shamba la kahawa la kijiji. Wanaume walibeba mabomba, sisi wanawake tukachota maji. Dawa ni mrututu, ile ya bluu. Mabomba tulizoea kuyaoshea kule chini, maji yakishapita bwawa. Siku hiyo katibu aliona tutachelewa kufagia uwanja wa mkutano.

"Osheeni hapahapa mferejini."

Nikamwambia, "Ndugu katibu, mfereji huu si ndio unaoingia bwawani?"

"Mrututu ni dawa, mama. Dawa inamuua nani?"

Wenzangu wakacheka. Tukaosha. Na maji ya dawa yaliyobaki kwenye pipa tukamwaga humohumo.

Kesho yake niliyasema hayo palepale kwenye tuta. Mwenyekiti wa kijiji akanikata: "Binti anamtetea baba yake." Wale nilioosha nao wakatazama miguu yao. Bwana samaki alipofika na wageni, nilimwonyesha kwa kidole ile bluu iliyokaukia kwenye mawe ya mfereji. Aliiona. Akaandika utupa.

Baba alikaa mahabusu msimu mzima wa mahindi. Aliporudi, akipita karibu na nyumba za watu, wanafunika ndoo za maji. Amekufa na jina hilo la mtia sumu, na wajukuu wake wakigombana na wenzao bado wanatupiwa.

Mwenyekiti ameshakufa. Bwana samaki sijui alihamishiwa wapi. Katibu yupo. Ana nyumba kwenye mji wa Mpemba, kando ya lami, anakaa barazani anasalimia wapita njia. Mimi nimeishia darasa la nne, kuzungusha maneno sijui. Aje kwenye tuta lile, mbele ya wajukuu wa baba, atamke ni nani aliyesema tuoshee mabomba mferejini. Mimi nitatamka ni nani aliyeosha.