Kimfuko cha Mama Neema Kilichonuka

Mwanangu, kaa nikusimulie Jumamosi moja ninayoikumbuka mpaka leo kwa pua. Wewe huwezi kuikumbuka kwa sababu hujazaliwa, na mama yako bado simjui. Usiharakishe. Nina miaka kumi na sita, na Jumatatu nina mtihani wa kemia. Lakini wazee wote ninaowajua huanza kutoa nasaha wakiwa wameshasahau nusu ya kisa, kwa hiyo mimi nimeamua kuanza mapema.

Jirani yetu hapa ughaibuni, mtaa wa Weston, Mama Neema, mtu wa Goma, alikuwa ameenda Ottawa kumwona dada yake aliyejifungua. Alituachia ufunguo na tanki lake la samaki. Si samaki wa kukaanga, niliuliza, nikakemewa. Ni wa mapambo, bapa na duara kama chapati, na walikuwa wa marehemu mumewe. Yeye huwaita watoto.

Maji ya bomba ya huku ni magumu, yana chokaa nyingi mno kwao. Kwa hiyo ndani ya chujio la tanki hukaa kimfuko cha wavu kilichojaa resini, chembechembe ndogo kama punje za wimbi, ambazo huyalainisha maji. Baada ya muda zinachoka. Unakitoa kimfuko, unakiloweka, unakisuuza, unakirudisha. Basi, Baba alikitoa. Akakitia kwenye mfuko wa plastiki chini ya sinki ya Mama Neema, akasahau kabisa.

Jumamosi hiyo simu ikalia. Mama Neema yuko kwenye basi, anarudi.

"Batoto yangu beko aje?"

"Wazima kabisa!" Baba akajibu, na hapo hapo uso ukambadilika.

Tulikwenda kwake mbio. Alipoufungua ule mfuko wa plastiki, mwanangu, ni kama mayai viza yaliyolala na soksi za timu nzima ya mpira. Nilicheka, halafu nikatazama tanki, nikaacha. Samaki mkubwa kuliko wote alikuwa amejibanza pembeni, anahema haraka haraka, rangi imemtoka kwa yale maji magumu.

"Huyu akifa," Baba akasema, "nitamwambia nini yule mama?"

Bibi yako, yaani mama yangu, alikuwa kazini hospitalini, hapokei simu. Kulikuwa na maelezo ya sauti ambayo Mama Neema alituachia kwenye simu. Baba aliyasikiliza akiwa anatembea, na katika yote akalidaka neno moja tu: kulainisha. Akaenda kwenye kabati la vitu vya kufulia, akarudi na chupa ya dawa ya kulainisha nguo. Akaimimina juu ya resini. Uvundo ukafa palepale. Chumba kizima kikanukia mashuka ya hotelini.

"Umeona?" akasema, akikisuuza kimfuko kidogo tu. "Kazi imeisha."

Mimi nilijua haijaisha. Nilikuwa nimeyasikiliza yale maelezo mwanzo hadi mwisho, tena mara nyingi, na si kwa wema. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kumwiga Mama Neema ili niwachekeshe wenzangu kanisani.

Nikaanza kumweleza Baba kwa Kiingereza, kama tulivyozoea sisi watoto wa huku.

"Kiswahili!" akanikata. "Na leo sitaki mizaha yako."

Mwanangu, hebu jaribu kutafuta Kiswahili cha kemia huku mkono wa baba yako unateremka kwenye chujio. Maneno yalinikimbia yote. Kimfuko kilikuwa kimeshafika kwenye mdomo wa chujio, tone moja linaning'inia, nami nikamdaka Baba kifundo cha mkono. Sikuwahi kumshika hivyo maishani.

"Wewe! Umerukwa na akili?"

Nikakipokonya, nikakikamua kwenye glasi ya maji safi. Maji yakawa meupe, yanateleza kama uji. Nikamsogezea.

"Kunywa, Baba."

"Unaniambia nini mimi?"

"Ndiyo ulikuwa unawapa hao. Samaki hawavai nguo!"

Akanikazia macho. Pampu ilikuwa inanguruma, na yule samaki anahema. Kiswahili changu kilikuwa kimegoma, kwa hiyo nikatumia cha Mama Neema. Nilishika kiuno, nikasema kwa sauti yake, neno kwa neno: "Muloweke mu chumvi, ile ya kulainisha mayi, iko mu kopo ya bluu. Na kama inanuka, mutupe, muweke ingine mupya, iko mu droo. Musinisumbulie batoto!"

Baba akakichukua kimfuko. Kisha akaitupa ile resini, marashi yake na yote, akafungua droo.

Tulisuuza kimfuko kipya mpaka maji yakatoka meupe kweli, ya kuonekana upande wa pili. Tulikuwa tunabadilisha sehemu ya maji ya tanki, kidogo kidogo, wakati mlango ulipofunguliwa. Mama Neema, na begi lake.

Baba angeweza kusema ni wazima. Nilimwona akilitafuna hilo neno. "Mama Neema," akasema, "nilikiacha kikaoza. Nikakitia dawa ya nguo. Kijana ndiye aliyenizuia."

Mama Neema akaliacha begi mlangoni. Alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye kioo. Tulisubiri. Yule mkubwa akajivuta kutoka pembeni, polepole, akaja akasimama mbele ya vidole vyake.

"Afazali umesema," akamwambia Baba bila kugeuka. "Ungeficha, hii nyumba ingekusemea. Inanukia kama arusi."

Sasa sikiliza, mwanangu. Resini ikinuka, itupe; usiitie manukato. Na kingine chochote kikinuka, tafuta kinapotokea kabla hujatafuta cha kukifunika. Ukimwona mkubwa anakosea na kuna roho ya kiumbe hapo, usingoje upate maneno mazuri. Mshike mkono, pole utampa baadaye. Nami siku utakaponishika mkono nitakufokea kwanza, maana ni mtoto wa baba yangu. Usiachie.

Mungu akukuze, akupe ulimi katika lugha zote za nyumba yako, na akupe wazazi wanaoweza kusema "nilikosea" mlango ukiwa wazi. Amina.