Jibu la Baba Hufika Likiwa Limechelewa

Saa kumi na mbili na nusu jioni, taa nyekundu inawaka juu ya mlango wa chumba cha mitambo, na soga zote zinakatika. Upande wa pili wa kioo, mtangazaji anamgeukia mshiriki aliyekaa kitini na kumuuliza: "Pweza ana mioyo mingapi?"

Mwanamke mwembamba mwenye sweta la kijivu anabonyeza kitufe. Papo hapo swali lilelile, pamoja na majibu ya kuchagua, linatokea kwenye simu za maelfu ya watu wanaocheza wakiwa majumbani kwao. Wana sekunde kumi. Zikiisha anabonyeza tena, na majibu yanafungwa.

Wenzake wanamwita Sekunde. Kwa kuwa matangazo huchelewa kidogo kufika majumbani, humwacha mtangazaji amalize neno la mwisho, kisha yeye huvuta pumzi moja, ndipo hufungua. Akiwahi, wenye simu wanaliona swali kabla hawajalisikia. Akichelewa, lawama zinamiminika.

"Ni kama kumshikia mgeni mlango," anasema. "Ukiuachia mapema unambana. Ukiushika mno, anaingia na nzi."

Pembeni mwa skrini ya kompyuta yake kuna majina machache ya majaribio. Ni ya ndugu wa wafanyakazi, wanaocheza bila zawadi ili mafundi wajue kama mchezo unafika vizuri majumbani. Jina moja ni Fundi Redio. Muda umeshakwisha ndipo jibu lake linapojitokeza, kwa rangi hafifu, chini ya neno "wamechelewa": mitatu.

Ni jibu sahihi. Halihesabiwi.

"Yupo," Sekunde ananong'ona, na mabega yake yanashuka.

Fundi Redio ni baba yake mzazi. Alitengeneza redio za mtaa mzima, akibishana na kila mteja, mpaka kiharusi kilipomwangusha mwaka juzi akiwa na bisibisi mkononi. Upande wa kulia ulikufa ganzi. Sauti nayo ikaondoka, na daktari aliwaambia wasiitazamie tena.

Hospitali iliwapa ubao wa picha ili mzee aonyeshe kidole anapotaka maji au choo. Aliusukuma ukaanguka sakafuni.

"Aliona anafanywa mtoto mchanga," anaeleza Sekunde. "Lakini kwenye mchezo anaulizwa kama mtu mzima yeyote. Hakuna anayejua kwamba ni mgonjwa."

Nyumbani kwao, chumba cha mzee kina kitanda, televisheni ndogo na kiti cha mbao. Simu imefungwa kwa mpira kwenye mkono wa kiti, mahali kidole gumba cha kushoto kinapofika. Mama hukaa karibu naye, akimfuta mdomo kwa leso.

"Miaka yote ya ndoa nikimuuliza kitu alikuwa ananitolea macho tu," anasema mama. "Leo televisheni ikimuuliza, anajibu! Mume wangu, ina nini hiyo nisichokuwa nacho mimi?"

Kona ya mdomo wa mzee inapanda kidogo. Mama anacheka, kisha anageuka haraka kukunja shuka ambalo tayari limekunjwa.

Kwa hiyo kila jioni, baba na binti huzungumza hivyo. Binti anafungua swali, baba anajibu, hata kama amechelewa. Mwaka huu anachelewa zaidi, kwa sababu hata kidole gumba kimeanza kuchoka.

Jioni moja Sekunde alishindwa kuvumilia. Muda ulipoisha, kidole chake kiligoma kubonyeza. Alishika mlango kwa pumzi moja zaidi, na jibu la baba likaingia kwa rangi ya kijani, likahesabiwa. Mama anasimulia kwamba mzee alilia.

"We Sekunde, umesinzia?" fundi sauti alimuuliza.

Hakusinzia. Kipindi kilipokwisha alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa kipindi, akasema alichofanya, akapewa onyo.

"Nilistahili," anasema. "Wengine wote walikuwa wanashindana, na haki yao ni muda sawa. Baba alikuwa anazungumza tu. Ila mashine haijui tofauti."

Sasa hata hayo mazungumzo yanafikia mwisho. Kuanzia msimu ujao wachezaji watapewa sekunde tano, kwa sababu vijana wanalalamika kwamba mchezo unapooza. Mtambo mpya utajifunga wenyewe, na jibu lililochelewa halitapokelewa kabisa. Sekunde aliomba kwenye kikao angalau jina moja la majaribio liruhusiwe kuchelewa.

"Dada, pole sana," mkuu wa kipindi alimjibu. "Lakini siwezi kuujenga mtambo kwa ajili ya mtu mmoja."

Hamlaumu. "Angenikubalia mimi, angemkataliaje mwingine?" anauliza, na macho yake yanajaa.

Badala ya kungoja jioni ambayo jina la baba litakaa tupu, ameomba uhamisho kwenye dawati la habari za asubuhi. Kipato kitapungua kwa robo, lakini kila saa kumi na mbili na nusu jioni atakuwa nyumbani, pale anapokaa mama. Televisheni itazimwa, na maswali atauliza yeye.

"Nitamuuliza juu ya redio, juu ya wateja wake wakorofi, juu ya pweza akitaka. Nitamtajia majibu moja moja, ainue kidole nikifika kwenye lake. Halafu nitanyamaza mpaka amalize."

"Na asipomaliza mpaka usiku uingie?" mama anamtania.

"Tutawasha taa, mama."