Pindo la Mama Mounira

Mama Mounira, fundi cherehani wa mtaa wetu, hajawahi kupata kitu kizima akakiacha kizima. Mletee saa ya ukutani, kufika jioni imesimama na mshale mmoja haupo. Mnunulie taa, atatoa kitu ndani yake akakiweke anapopajua mwenyewe. Watoto waliozaliwa juzi wanamcheka. Sisi tuliokuwa hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, wakati wa vita hatuthubutu, maana sote tulikuwa hivyohivyo.

Siku hizo kila askari aliyeingia mjini, awe wa upande huu au wa ule, na hasa wale waliosema wamekuja kutukomboa, alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona kitu kinafanya kazi, mikono inamwasha. Basi tukaamua kuua vitu vyetu wenyewe. Mtu akitaka kuendesha baiskeli, alianza kwa kufukua mnyororo nyuma ya choo. Mimi niliificha buji ya jenereta yangu, ile plagi ya kuwashia, kwa werevu mkubwa kiasi kwamba mpaka leo sijui iko wapi, na vita vilipokwisha ilibidi ninunue nyingine. Mji mzima ulijaa mizoga ya mashine, na wenye mizoga ndio walioonekana wana akili.

Mama Mounira alitupita wote. Alikitoa kile kichuma cha cherehani kinachoshika uzi wa chini, akakishonea ndani ya pindo la kitenge alichokuwa amevaa. Askari walikuja, wakazungusha gurudumu, sindano ikapanda na kushuka bila kushona hata mshono mmoja. Wakaitukana cherehani na ukoo wake, wakaenda zao.

"Toa ile ndogo kupita zote," alikuwa akitufundisha. "Mwizi anaangalia ile mukubwa."

Aliyekataa mafundisho hayo ni mume wake mwenyewe, Bakari. Alikuwa na redio, akasema redio ukiikata ulimi haitakuwa redio tena. Siku moja ilikuwa inaimba dirishani na askari wakapita. Wakaichukua. Kwa kuwa ilitumia betri ya gari, na betri ya gari ni nzito, wakamchukua na Bakari abebe. Mama Mounira alikuwa na mimba ya Abdoul. Bakari hajarudi.

Huyo Abdoul sasa ni mwanaume mwenye ndevu na diploma ya kompyuta, maana yake hana kazi. Mwaka huu akaamua kujiundia kompyuta yake mwenyewe nyumbani. Sanduku alilipata katika ofisi iliyofungwa, kioo cha kuonyesha maandishi alipewa na mjomba, na ule ubao wa ndani, unaobeba vipande vyote, ulitoka Kisangani kwa pikipiki ukapitia Lubutu, ukala matope njia nzima. Mpango wake aliniambia mimi peke yangu, kwa sababu mimi ndiye mwenye jenereta na kibanda cha kuchajia simu, na umeme angeutoa kwangu. Kompyuta ikiwaka, angefungua barazani kwa mama yake ofisi ya kuchapa na kutoa nakala. Isipowaka, kesho yake angepanda pikipiki kwenda Pangi kuchimba madini na binamu zake. Mmoja wa binamu hao alikuwa ameshafukiwa na shimo wakati wa mvua. Mama yake hakuambiwa neno juu ya Pangi.

Wakati huohuo habari za vita zilikuwa zinatujia tena kutoka upande wa Kivu. Watu waliingia mjini na magodoro kichwani. Mama Mounira aliwatazama wakipita. Jumamosi, Abdoul alipokwenda kuswali alasiri, mama akaingia chumbani kwake na kulikuta sanduku liko wazi, kazi imekwisha. Hakujua kipande kimoja kinaitwaje. Lakini alijua kuchagua. Pale kwenye ubao palikuwa na kikofia cheusi cha plastiki, kidogo kama punje ya mpunga, kimevalishwa juu ya vijiti viwili vya chuma. Akakivua, akaketi kwenye cherehani yake, na kabla sala haijaisha kilikuwa ndani ya pindo.

Jumapili mtaa mzima ulikuja kuona kompyuta ya Abdoul ikizaliwa. Niliwasha jenereta, naye akabonyeza. Feni zikazunguka, taa ya kijani ikawaka, watu wakapiga makofi. Kioo kikabaki cheusi. Makofi yakafa moja moja, kwa aibu.

"Ni courant ya Papa Bulaimu," mtu mmoja akasema kutoka nyuma. "Iko inakuja mubaya."

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Umeme wangu unachaji simu za mtaa mzima, pamoja na simu ya huyo mpuuzi. Nikatangaza kwamba tatizo ni waya wa kioo. Sikujua lolote kuhusu waya wa kioo, lakini mwenye jenereta hawezi kukaa kimya mbele za watu.

Ndipo Ferdinand akasogea. Ferdinand anafundisha kompyuta chuoni, na tai haivui hata akienda kuoga mtoni. Alilitazama sanduku kutoka mbali, mikono nyuma.

"Carte graphique njo imekufa," akasema, yaani kile kipande kinachopeleka picha kwenye kioo.

Blanchard, fundi wa simu, akabisha. Alisema inataka kuflashiwa, yaani kufutwa yote na kuwekewa programu upya. Kwa Blanchard kila kitu kinataka kuflashiwa, hata ndoa yake. Akavitoa vipande vyote vikubwa, akavisugua kwa mswaki na raba ya wanafunzi, akavirudisha, na kioo kikabaki kama kilivyokuwa. Mchungaji wa jirani akaweka kiganja juu ya kioo na kukemea roho ya giza. Giza halikutoka, ila kiganja kiliacha alama. Ferdinand akataka kioo kingine kiletwe, kikaletwa, nacho kikawa cheusi. Sasa tulikuwa na vioo viwili vyeusi na madaktari ishirini.

Mama Mounira alikuwa pembeni anashona, ametulia kama mtu aliyeshawalaza watoto wake. Aliwapa madaktari chai. Kila aliyemwambia pole alimjibu asante, na nilidhani ni subira ya wazee wetu. Kumbe mwenzetu alikuwa amefurahi.

Mwishowe Ferdinand akafuta mikono yake, ingawa ilikuwa safi. "Abdoul, mudogo wangu, pole. Hii machine ilikufa mbele ya kuzaliwa."

Abdoul aliingia ndani, akatoka na mfuko mgongoni na sepetu mpya mkononi.

"Mama, kesho asubuhi minaenda Pangi."

"Pangi kufanya nini?"

"Kuchimba. Hapa nitabaki na kazi gani? Machine njo ile, imekataa."

Cherehani ikanyamaza. Mama Mounira aliitazama ile sepetu, kisha mwanawe, kisha sepetu tena.

"Papa Bulaimu, zima groupe," akaniambia. "Na munipe wembe."

Nikaizima jenereta. Akakalia kigoda, akavuta pindo la kitenge hadi magotini, akaanza kufumua uzi mbele ya watu wote, taratibu, kama anavyofumua nguo ya mteja. Kikofia kikaangukia kiganjani. Akainuka, akaingiza mkono ndani ya sanduku, akakirudisha juu ya vile vijiti viwili bila kuuliza mtu.

"Washa."

Feni zikazunguka, na kioo kikajaa maandishi meupe. Kelele zilizopigwa zilisikika hadi ng'ambo ya mto Lualaba. Ferdinand akatangaza kwamba njo vile alisema, ni kitu ya carte. Blanchard akasema kusugua kwake ndiko kulikosaidia. Mchungaji akasema amina. Mimi niliwakumbusha wote kuhusu umeme wangu.

Abdoul hakushangilia. Sepetu ilikuwa bado mkononi mwake.

"Mama, ju ya nini?"

"Vita iko inarudi. Wangeona iko inafanya kazi."

"Hii wangebeba tu, Mama. Ningenunua ingine."

"Wangebeba?" Mama Mounira akamgeukia. "Wale hawabebagi kitu, mutoto wangu. Wanatafuta muntu wa kubeba. Baba yako walimupatia redio abebe, na mpaka leo iko anabeba."

Hapo mzaha wote ulitutoka. Ferdinand alitazama viatu vyake. Mimi nililia, na sioni haya kusema, maana Bakari alikuwa rafiki yangu na miaka yote hiyo nilikuwa nimejizoeza kumwita marehemu. Mke wake hakuwahi kulitumia neno hilo.

Abdoul akaegemeza sepetu ukutani. Akanipa ishara nizime, kioo kikarudi kuwa cheusi. Akaingiza vidole ndani ya sanduku, akakivua kile kikofia mwenyewe, akakiweka kiganjani mwa mama yake na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Jioni wewe njo utachunga. Asubuhi utanirudishia. Tutafanya vile kila siku."

"Na Pangi?"

"Siendi tena."

Basi ofisi ya Abdoul inafunguliwa mama yake akiwa tayari, si kabla. Wateja wanafika mapema na karatasi zao, wanajipanga barazani. Ferdinand, anayeleta mitihani ya kuchapwa, huangalia saa na kulalamika juu ya nchi isiyoheshimu wakati. Mama Mounira hana haraka naye. Anatoka ndani mkono umefumbwa, anasimama mbele ya mstari, anatazama barabara upande wa juu, kisha upande wa mtoni. Anasikiliza. Kuna siku anasikiliza muda mrefu, na hakuna anayemharakisha, hata Ferdinand. Halafu anafumbua mkono, anampa mwanawe.