Swali la Mlima

Wifi ni wifi, hata akiwa malaika. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nilimfundisha Mama Mkate kwa mapenzi. Nilimfundisha kwa sababu meza yangu ya cherehani ndiyo meza pekee nyumbani kwetu, na kwa sababu asipofaulu ule mtihani wa leseni, watoto wa marehemu kaka yangu wangeondoka mikononi mwetu.

Jina la Mama Mkate alipewa na mtaa, maana aliendesha pikapu ya kiwanda cha mikate tangu hajaolewa kwetu. Kaka yangu alikuwa dereva wa lori. Baba naye alikuwa dereva wa lori, mpaka macho yake yakaingia ukungu wakamnyang'anya leseni. Kwetu hata mtoto akichelewa kuamka, baba atauliza nani kaacha taa zinawaka mpaka betri ikalala.

Mwaka jana lori la saruji lilimshinda kaka kwenye mteremko mrefu, likaacha barabara, likaingia naye korongoni. Tulimzika bila kuuona uso wake. Askari aliyekuja nyumbani alisema breki ziliungua, na gia waliikuta frii. Baba alimkaripia mbele ya watu.

"Sasa ulitaka muikute wapi? Mlima unashukwa frii! Wewe umewahi kushusha lori?"

Askari wa watu akamaliza maji tuliyompa, akaaga. Sisi tukasema ni kazi ya Mungu.

Asiyejua, frii ni pale gia inapokuwa haijashika kitu. Injini inanguruma peke yake, lori linateleza kwa uzito wake lenyewe, na dizeli karibu haitumiki. Dizeli inayobaki ni ya dereva, anaichota na kuiuza. Hiyo ndiyo sabuni na chumvi ya nyumba nyingi, na yetu ilikuwa mojawapo, nisijitie utakatifu.

Msiba haujapoa, kiwanda cha mikate nacho kikafungwa. Mama Mkate akaenda kwa tajiri wa malori, yule yule aliyekuwa amemwajiri kaka. Tajiri akamwambia kuna lori la mchanga halina dereva. Alete leseni ya magari makubwa kabla ya mwezi kuisha, apewe. Asipoileta, basi, wanaoitaka nafasi hiyo wamejaa getini. Ndugu zake Mama Mkate walikuwa wameshakaa wakapanga: msichana aende kwa mama yake mdogo, mvulana kwa mjomba wake, na yeye atafute kazi za ndani. Watoto walisikia kila kitu. Mdogo alianza upya kukojoa kitandani.

Basi tukaanza. Mchana watoto wakiwa shule, mimi nakanyaga cherehani, yeye amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, kitabu cha maswali kimeegemea pasi yangu.

"Kabla ya kuwasha injini, unakagua nini kwanza?"

"Matairi."

"Kosa!"

"Kosa gani, wifi? Matairi nayo yamo!"

"Yamo, ila si ya kwanza. Unaanza kuangalia kama kuna kinachovuja chini ya gari."

"Wewe na hicho kitabu mnaona raha kunitesa."

"Raha ningeiona ukiacha kupangusia mikono kitambaa cha mteja wangu."

Mdomo wangu hauna breki, na yeye kichwa chake hakina rivasi. Tuligombana sana. Lakini akijibu vizuri nilikuwa naitikia kwa kichwa na kumwambia "Sahihi," hata kama tumenuniana, na nilimwona anavyolisubiri hilo neno.

Baba alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, anasikiliza. Kitabu hakukiogopa hata kidogo. Alimfundisha mkwewe kugonga tairi kwa chuma na kusikiliza mlio, na kutegea sikio breki za upepo kama zinavuja. Mengi aliyosema yalikuwemo kitabuni, neno kwa neno, naye kila yakipatana alifurahi, akatoa msemo wake ule ule.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwanangu nimemlea ndani ya kabini, ndiyo maana akawa dereva kunishinda."

Siku moja nikasoma: "Unashuka mteremko mrefu ukiwa na mzigo mzito. Utafanya nini?"

Hata majibu ya kuchagua sijayafikia, baba akadakia. "Frii! Unagusa breki kidogo kidogo, unaliacha liende. Hilo hata utingo analijua."

Mama Mkate akacheka, na tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka. "Marehemu naye alikuwa anasema hivyo hivyo, baba."

Majibu ya kitabu yalikuwa kurasa za nyuma. Maswali mengine tuliyafuata huko, lile hatukulifuata. Nani angemsahihisha baba kwenye mlima?

Siku ya mtihani aliazima viatu vyangu. Sheria za mtihani alikuwa ametueleza sote jana yake, na baba alizipenda, akasema huo ndio mtihani wa kweli: swali ukiliacha wazi linahesabiwa kosa, na yapo maswali ya hatari ambayo ukikosa moja tu umeanguka, hata kama mengine yote umepata.

Alirudi jua likiwa kali, akavivua viatu mlangoni akavitupa ndani.

"Nimeanguka."

"Umekosa mangapi?"

"Moja."

"Moja? Jamani! Lipi hilo?"

"La mlima."

Baba alinyanyuka nusu kwenye kiti. "Haiwezekani. Wamekuonea. Hao wanataka hongo."

"Nimemuuliza msimamizi, baba. Kaniambia nikasome nyuma ya kitabu."

Mama Mkate akakifungua pale pale kwa hasira, akaanza kusoma kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. "'Kamwe usishuke mteremko gari likiwa frii. Ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, ili injini ikusaidie kulizuia gari. Gari likiwa frii, breki hubeba uzito wote peke yake. Huchemka...'" Hapo sauti ikaanza kumwishia. Alimalizia kwa kunong'ona. "'Huchemka, huungua, na mwisho hazishiki tena.'"

Nilikuwa nimeacha kukanyaga cherehani. Mama Mkate hakuinua macho kutoka kwenye kitabu.

"Nani kaandika hayo?" baba akauliza.

"Hakuna jina, baba."

"Amewahi kushuka mlima huyo? Mimi nimeshuka maisha yangu yote! Nimekufa? Eti, nimekufa mimi?"

Naona alilisikia mwenyewe swali lake, maana mdomo ulibaki wazi. Akapapasa ukuta, akakivuta kiti chake mpaka nje kwenye tangi la maji, akakaa huko. Tangu siku hiyo hakukaa tena nasi wakati wa masomo, na ule msemo wake sikuusikia tena.

Niseme ukweli, nilimchukia baba. Nilikuwa nikimpakulia chakula huku najiambia, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mara namwona anavyopapasa sahani kutafuta kijiko, moyo unanipasuka, naingia ndani kulia. Kaka yangu alimwamini yule mzee kuliko alivyoiamini barabara. Hata mimi nilimwamini.

Mama Mkate hakusema lolote kuhusu hilo mpaka siku tuliyokuwa tunafua mashuka. Alikuwa ameshika ncha moja, mimi nyingine, tunakamua.

"Wifi, alikuwa akirudi ananiambia, leo nimeshuka bure kabisa, mke wangu, kidumu kimejaa. Halafu mimi nafurahi." Akaendelea kukamua shuka ambalo lilikuwa limeshakwisha maji. "Nilikuwa nafurahi, wifi. Nilikuwa namwita fundi."

Nilimpokonya lile shuka nikalianika, kisha nikamwambia aende akalete kitabu.

Mtihani wa pili ulifanyika mwezi ukiwa ukingoni, na huo alifaulu. Alirudi na karatasi yenye muhuri, anatembea taratibu kama mtu anayetoka hospitali. Watoto walimrukia, wakaanza kupiga kelele kwamba mama ana lori, mama ana lori. Nilimkumbatia. Wifi au si wifi, nilimkumbatia.

Kelele zikamfikia baba kule kwenye tangi. "Mama Mkate! Hebu njoo."

Akaenda, akachuchumaa mbele yake. Nami nikafuata, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, baba."

"Hongera, mwanangu." Akapapasa mpaka akaigusa ile karatasi. "Lile la mlima lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Ukajibu nini?"

"Gia ndogo, kabla ya kuanza kushuka."

"Na frii?"

"Frii kamwe, baba."

"Mume wako walikuta gia iko wapi?"

"Baba, yaache hayo," nikadakia. "Leo ni siku ya furaha."

"Sijakuuliza wewe. Namuuliza dereva."

Mama Mkate akasema, "Waliikuta frii."

"Na nani alimfundisha?"

Watoto walikuwa wamesogea mlangoni. Mama Mkate aliikunja ile karatasi, akaikunjua, akaitazama miguu ya baba, akanitazama mimi. Nilitaka aseme ni Mungu. Nilitaka aseme ni madereva wote, ni matajiri, ni shida zetu. Ningemshukuru kwa uongo wowote ule.

"Jibu," baba akasema. "Si ulitueleza mwenyewe? Swali likiachwa wazi ni kosa."

Akajibu kwa sauti ndogo, machozi yameshafika kidevuni. "Ni wewe, baba."

Baba akaitikia kwa kichwa, polepole, kama nilivyokuwa nikifanya mimi kwenye cherehani.

"Sahihi," akasema.