Mstari wa Moyo wa Mwajuma

Nichekeni mimi, mjukuu wangu msimcheke. Mama yake alipolazwa hospitali, kitandani palining'inizwa karatasi yenye mstari. Uliposhuka, tukamzika. Juzi asubuhi nikaukuta mstari kama ule kwenye karatasi za shule za huyu mjukuu, Mwajuma, pameandikwa mapigo ya moyo. Umepanda, kisha umeporomoka. Nikaenda mbio hadi shuleni Kibiti, nikaingia chumba cha mtihani wa somo la michezo, nikamshika mkono.

"Inuka twende hospitali, moyo wako unazimika!"

"Bibi, niache! Mstari ule ni wa mkimbiaji! Akimaliza mbio anapumzika, ndiyo mapigo yanashuka!"

Wenzake wote wakainama, wakaandika.

Msimamizi akaichukua karatasi ya Mwajuma. "Bibi, hilo ndilo swali la leo. Huyu kawatajia wenzake jibu."

Nami mkono bado nimemshika.